Makabidhiano

Jina langu Sikudhani, na kweli sikudhani
kwamba neno dogo kama beringi
lingenitoroka mbele ya mteja,
saa nne asubuhi, Gerezani,
mimi, mtunza stoo wa miaka ishirini na sita,
niliyekuwa nakutajia namba ya klachi
nimefumba macho, chai mkononi.

"Mahimbo, lete lile... lile duara, linalozunguka ndani..."
Kijana akacheka. Nami nikacheka.
Kisha nikaenda nyuma ya rafu ya mafuta ya breki
nikalia kidogo, kimyakimya, kama mtu anayehesabu mali.

Usiku, Tandika, feni inazunguka na shuka limelowa.
Joto linapanda kutoka kifuani
kama mkaa unaopulizwa na mtu nisiyemwona.
Saa nane. Saa tisa. Adhana inanikuta macho.
Wifi alisema ni jini, twende Mbagala kwa mtaalamu.
Mimi niliogopa kingine: mama yangu,
mwisho wake, alikuwa akiniita shangazi.

Daktari Nkwabi, mdogo kuliko kifungua mimba wangu,
akaniuliza siku zangu.
Nikamwambia zinakuja kwa kuotea.
"Ni estrojeni, mama. Hiyo homoni
haikuwa kibarua wa kizazi peke yake.
Ilikuwa na zamu ya pili huku juu,"
akajigonga kwenye paji la uso,
"kwenye kumbukumbu, usingizi, hata hasira.
Sasa inapungua, na ubongo unajifunza upya.
Wengi hutulia."

Zamu ya pili!
Na mimi miaka yote najisifu kichwa changu, kichwa changu,
kumbe mna mfanyakazi sikumwandika daftarini,
hana mshahara, hana likizo,
anapanga maneno kwenye rafu kabla sijaamka.
Kaondoka. Sawa, kila mtu hustaafu.
Ila mwenzangu, hata makabidhiano?
Hata kuniambia funguo umeziweka wapi?

Nimeanza kuandika kwa chaki kwenye maboksi.
Bosi anadhani ni utaratibu mpya. Ameusifia.

Na jana jioni, namenya muhogo uani,
siwazi lolote,
neno likaja lenyewe, limechelewa siku tisa.
"Beringi!" nikapiga kelele, kisu juu.
Shamsa akadondosha kikombe.
"Bibi, beringi ya nini?"

Ya nini tena, mjukuu wangu.
Mteja alishanunua duka la pili.