Unga Ndani ya Matundu

Nilikuwa nimepakia magunia sita ya unga,
siagi, na betri ya redio ya mama mkwe.
Kona ya pili baada ya daraja, kokoto zikateleza
kama dengu chini ya kiatu,
na gari likajiamulia lenyewe.

Aliyenikuta ni Don Eleuterio, wa lori la magogo.
Alivua kofia. Nilikuwa mweupe pe, nywele hadi kope,
akadhani nimekwisha kuwa mzuka.
Hata mimi nilidhani ni theluji,
nikashangaa: theluji Novemba hii, na haina baridi?

Mwaka wa pili sasa.
Daktari wa Coyhaique aliinua picha ya shingo yangu mwangani,
akasema, "Hakuna kilichovunjika,"
kama mtu anayenirudishia chenji.
Basi ni nani anayepiga mluzi sikioni mwangu tangu alfajiri,
birika lisilochemka wala kuepuliwa?
Ni nani anayekaza uzi kwenye kidole gumba cha kushoto
kila nikianza kukanda mkate?

Majirani huniambia, "Ercira, mbona u mzima!"
Naam. Hata paa huonekana zima
mpaka mvua inyeshe.

Siku hizi anayeendesha ni Nolberto.
Mimi hukaa kando yake, mguu wangu wa kulia
ukikanyaga breki isiyokuwepo;
nimeikanyaga hadi zulia limetoboka.
Yeye huona, hupunguza mwendo, hata kukohoa hakohoi.
Siku moja tu alisema, "Sasa hata ng'ombe wanatupita."
Tukacheka wote. Kisha kona ikaja,
akabaki kucheka peke yake.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.
Huku kwetu hakuna nyoka wa kutisha, wala ung'ongo.
Mimi hushtuka Yasna akitafuna sukari,
jinsi inavyosagika, kokoto kwa kokoto.
Hushtuka mvua ya mawe ikigonga bati.
Usiku huamka nimeukaba mto wa kichwa kwa mikono miwili,
nakata kushoto, nakata kushoto.

Mtaalamu wa viungo, kijana mwenye mikono ya baridi,
alinipa kazi ya nyumbani:
keti ndani ya gari lililozimwa. Dakika tano. Usifanye kitu.
Gari lilikuwa bandani, bodi limenyooshwa,
mlango mmoja wa rangi nyingine,
na kuku ametagia kiti cha dereva.
Nilimshukuru yule kuku. Wiki tatu alinipa kisingizio.

Vifaranga walipototolewa, kisingizio kikatoka nao.
Niliketi. Dakika tano. Wiki nyingine, saba.
Alhamisi moja, bila kumwambia mtu, nikawasha.
Nikafungua hewa ya moto,
matundu yakanipulizia unga usoni.

Miaka miwili ulikuwa humo, mkavu, unangoja,
una harufu ya mkate ambao haukuokwa.
Nililia, nikapiga chafya, sijui kipi kilitangulia.
Mikono ilitetemeka hadi funguo zikalia.
Gia ya kwanza.
Mita themanini, ukihesabu nguzo za uzio.
Langoni nikazima, nikarudi kwa miguu
nikishika waya kama mlevi.

Nolberto aliliona gari pale. Hakuuliza.
Alikwenda gizani akafungua lango, akaliacha wazi,
akaingia, akanawa mikono, akaomba chumvi.

Asubuhi kondoo kumi na mmoja walikuwa barabarani.
Tuliwakimbiza hadi saa sita,
yeye akiomba radhi kila akivuta pumzi.
Shingo ikaniwaka siku tatu, mluzi ukapanda juu zaidi.

Gari bado liko langoni.
Lango tumelifunga.
Kuku amerudi kuchungulia kiti;
namfukuza.