Mji wa Jumamosi

Jumamosi ya tatu sasa sijawapa mji.
Mashujaa wao wamekwama njiani, mikoba begani,
wananingoja mimi, mwendesha mchezo,
niliyeahidi lango bila kujua linafungukia wapi.

Tunakutana kwa Oboth, nyuma ya karakana ya kuchomelea,
Barabara ya Iganga, Jinja.
Meza yetu ni mlango wa zamani juu ya mapipa mawili;
komeo bado lipo, na dadu hupenda kunasa hapo.
Dadu ya pande ishirini tunayo moja tu.
Mbwa aliitafuna pembe,
tangu siku hiyo saba hutokea kupita haki yake.

Nikafungua daftari.
Mji wa kwanza: Zarambo, wa mawinguni,
nguzo za fedha, ngazi zisizojua mwisho.
Naigaga akameza karanga, akauliza,
"Huko juu maji wanateka wapi?"
Maji sikuyafikiria.
Wa pili ulikuwa chini ya mlima,
wahunzi wenye ndevu za kufikia magoti.
Drani hakuutaka. Mhusika wake ni mwizi,
na mwizi huhitaji soko, vichochoro, dirisha la jikoni.
Wa tatu niliuiba mahali nikaubadili jina.
Wakanigundua. Wakacheka mpaka mbwa akatoka nje.

Ndipo Oboth, anayezungumza kama analipia kila neno,
akavua miwani yake nyeusi ya kazi.
"Mji ni mahali unapodaiwa," akasema.
"Nionyeshe duka alikokopa chumvi mchawi wangu,
nitaingia hata lango likiwa limeoza."

Umeme ukakatika papo hapo.
Sisi, majirani wa bwawa la umeme,
tukapapasa kutafuta mshumaa.

Na gizani nikayakumbuka maporomoko.
Babu yake Naigaga aliyasikia utotoni,
mngurumo wa kuamshia watu shambani.
Likaja bwawa, mto ukapanda,
maporomoko yakafunikwa yakiwa yamesimama.
Maji yaliyokufa maji.
Na mimi nilikuwa nikihangaika na nguzo za fedha!

Nikageuza kalenda ya duka la misumari,
nikachora upande wa nyuma.
Mitaa iliyonyooka. Nyumba kuukuu
zenye mwaka wa kuzaliwa kwenye paji la uso;
iliyofutika mwaka imemsahau mwenyewe.
Bomba la kiwanda lisilotoa moshi: joka amelala,
pua tu ndiyo iko nje.
Reli iliyomezwa na majani, na usiku mmoja kwa mwezi
majani yanalala chini, yote, upande mmoja,
sijaamua kwa nini.
Kaloli wa jalalani nikawafanya makarani wa kodi,
vipara, makoti ya kijivu, hawacheki na mtu.

"Hao nawajua," Drani akasema. "Mmoja namdai sato."
"Mzima?"
"Mzima, wa kukaanga, mbele ya macho yangu."
Hapo kila mtu akaanza kudai na kudaiwa,
penseli ikazidiwa.

Naigaga peke yake alinyamaza.
"Nyumba yetu usiiandike," akasema.
Mnunuzi anakuja na hela mwisho wa mwezi.
Nikaruka kiwanja, nikaacha karatasi nyeupe.
Baadaye sana, tukiwa tunabishana bei ya mishale,
akaichukua penseli, akaichora mwenyewe,
ndogo, na mwembe mdogo zaidi,
kisha akaupiga mlango wake kufuli.

Mji tukauita Mfamaji, maana haachi kutapatapa.

Mshumaa ulikuwa umebaki kidole kimoja.
Nikasema: mmefika langoni, mvua inanyesha,
karani mwenye kipara anauliza mnamdai nani humu.
Drani akarusha dadu.
Ikabingirika, ikapita daraja, ikapita reli,
ikanasa kwenye komeo, kati ya saba na kitu kingine.
Oboth akainama chini ya meza
akaugonga mlango kwa ngumi, mara tatu, kuitikisa.

Kule nje mbwa akabweka
kama mbwa wa mwenye nyumba.