Fungu Namba Kumi na Tisa

Kizota, ghala la tatu, saa nne asubuhi.
Dalali kasimama juu ya kreti la soda
anauza mabaki ya idara iliyovunjwa:
viti visivyo na migongo, kombe lililokatika sikio,
neti ya wavu iliyoliwa na panya,
na sanduku la bati, fungu namba kumi na tisa.
"Bastola sita za kuanzishia mbio,
huenda mbovu, huenda pungufu,
zinauzwa kama zilivyo,
hazirudishwi, hazijaribiwi, haziulizwi."

Mimi nikauliza.
"Pungufu kwa kipi?"
Akanitazama kama niliyemuuliza umri wa mama mkwe wake.
"Mwalimu, ningejua kwa kipi
hili lingekuwa fungu la bei nyingine."

Elfu thelathini na tano.
Nilijua nanunua mbuzi kwenye gunia,
ila gunia lilikuwa zuri, na lilikuwa zito.

Pale kizuizini Ihumwa, nyuma ya pikipiki ya Mbijima,
askari alifunua sanduku, akarudi hatua mbili.
Nikampa stakabadhi.
Aliisoma kwa sauti, kisha akairudia taratibu,
huenda mbovu, huenda pungufu,
kama mtu anayesoma barua ya uhamisho wake.
"Pita," akasema. "Ila usimwelekezee mtu."

Na mimi barua yangu ninayo.
Iliniita wa ziada.
Neno tamu hilo likiwa juu ya pishi la mtama,
chungu likiwa ndani ya faili.
Nilifundisha Historia, kidato cha tatu;
wakahesabu, wakakuta tumezidi wawili,
mmoja akaletwa huku Handali
kufundisha darasa la nne kugawanya,
na michezo pia, kwa kuwa ana miguu mirefu.

Usiku, mezani, taa ya sola ikififia,
nilizifungua moja moja.
Ya kwanza haina kifyatulio.
Ya pili inacho, nyundo ndiyo haipo.
Ya tatu imekamilika, lakini kutu imeishika
kama mdai aliyeshika kola ya shati.
Zilizobaki sizisemi. Marehemu hawasemwi.
Kutoka sita nikapata moja, karibu.
Ilikosa springi.

Springi alinipa Bi Foibe, mshona sare,
akaichomoa kwenye cherehani iliyokufa mwaka wa njaa.
"Usiirudishe," akasema. "Ilikuwa ya mume wangu,
na yeye mwenyewe hakurudi."

Fataki zilikuwa nane, ndani ya kopo la ugoro.
Mbili zilinyonya unyevu, sijui wa wapi,
maana Handali haijaona tone tangu Machi.

Ijumaa. Mstari wa majivu, upepo unaufuta,
tunauchora upya, upepo unaufuta.
Watoto saba, miguu mitupu, shingo mbele.
Tayari...
Tk.
Kama kuku aliyedonoa sahani.
Tayari...
Tk.
Mtoto wa njia ya nne akageuka kwa adabu:
"Mwalimu, sema tu haya, tutakimbia."

Sikutaka kusema haya.
Mwaka mzima nimesema haya.
Nikainua mkono, nikafumba jicho moja, nikabana.

Ikalia.
Kanga wakapasuka kutoka kwenye mtama,
punda wa mwenyekiti akang'oa kigingi,
mwalimu mkuu akatoka ofisini bila kiatu kimoja.
Na mbio?
Hakukimbia mtu. Watoto walinijia mimi,
wakanizunguka, pua juu, wakinusa ule moshi,
wakigombea nafasi, wakisema unanuka kiberiti,
unanuka krismasi, unanuka gari jipya,
ingawa gari jipya hapa nani amelinusa?

Ndipo nikaona springi haipo.
Imeruka.
Tukapiga magoti wote, hata mwalimu mkuu,
tukachambua majivu na mchanga kwa vidole.

Tulikuwa bado chini tuliposikia nyayo.
Sechelela wa darasa la tano,
ambaye peke yake aliitii bastola,
alikuwa ameuzunguka uwanja mzima, hadi mwisho,
jasho limechora mito kwenye vumbi la uso.
Akasimama juu ya vichwa vyetu, akihema,
akatutazama, akatazama nyuma yake,
akauliza:
"Wa pili ni nani?"