Mwenye Kukanyaga

Tangu miguu yangu ilipoanza kuifikia pedali
kazi yangu ilikuwa moja: kukanyaga.
Baba chini, chali juu ya gunia la mkaa lililochanwa,
mimi juu, kwenye kiti cha Pijo kilichotumbuka sponji,
natazama ukuta wa choo cha Mama Ntahondi,
nangoja sauti.
Kanyaga. Kanyaga. Kanyaga tena. Shikilia!
Kisha chini ya soli yangu kitu kinalegea,
pedali inazama taratibu
kama mtu anayekiri kosa,
na Baba anasema, "Umetoka."

Umetoka nini? Upepo.
Miaka ishirini na miwili nimeukanyaga.
Sijawahi kuuona.

Leo magoti yake yamegoma.
Ameitazama jeki, akaitazama tena
kama mtu anavyolitazama deni,
akanipa spana namba nane. "Ingia wewe, Chiza."

Chini ya gari ni nchi nyingine.
Vumbi jekundu la Gungu limegandia grisi
hata sijui chuma kinaanzia wapi.
Mpira wa dripu, shangazi aliuleta toka Maweni alipostaafu:
ncha moja kwenye nipo, ya pili ndani ya chupa ya maji,
izame kwenye mafuta, isikae juujuu.
Nyuma kushoto kwanza, gurudumu la mbali.
Hilo nalijua, nimelisikia likitajwa
kama bismillahi.

"Kanyaga!"
Anakanyaga.
"Shikilia!"
Nafungua robo. Yanakuja mafuta, meusi,
chai iliyosahauliwa jikoni tangu juzi,
na Baba
anaachia.
Chupa inapungua mbele ya macho yangu.
Nipo inafyonza, upepo unarudi kwao.

"Nimesema shikilia, Baba!"
"Eeh?"

Miaka thelathini kwenye chumba cha injini ya meli,
sikio la kulia limekwisha lote, la kushoto nusu.
Nilijua. Nani nyumbani hajui?
Ila sikuwahi kuwa mimi niliye chini,
ninayepiga kelele kwenda juu.

Basi nagonga bodi kwa spana.
Moja: kanyaga. Mbili: shikilia. Tatu: achia.
Kimya.
Kisha kisigino chake kinagonga sakafu, mara moja,
kikavu, bila haraka,
kama walivyoitana kule chini, yeye na wenzake,
kwa nyundo na bomba.
Nimekupata.

Tukaendelea hivyo, bila neno.
Toyi, mtoto wa jirani, tulimpa kulinda kopo la mafuta,
lisikauke, likikauka tunaanza upya.
Akafukuza kuku.
Tukaanza upya.

Na hapo, gurudumu la tatu, jua limeshahamia kisogoni,
nikauona.
Ukapita ndani ya mpira, mdogo,
jicho la dagaa. Nyuma yake mwingine.
Kisha msururu, unasukumana,
kisha mafuta matupu, manjano, yaliyonyooka.
Ndicho hicho tu?
Hicho ndicho kilichomvusha Baba kona ya Katubuka
mwezi uliopita, mpaka kwenye mahindi ya watu?
"Umetoka!" nikapiga kelele.
Hakusikia. Nikagonga tatu.

Jioni tunajaribu.
Naendesha mimi, yeye kakaa upande wa abiria,
kajifunga mkanda aliokuwa akiutumia kufungia magunia.
Tunaushika mteremko wa Mwanga kwenda stesheni,
barabara inajimwaga mbele, bajaji, baiskeli ya mawese,
madumu matatu, mwenyewe hatazami nyuma.
Nagusa pedali. Ngumu. Juu.
Gari inatii kabla sijamaliza kuomba.

Nageuka nimwone amefurahi.
Macho yako barabarani.
Mguu wake wa kulia umenyooka, umekakamaa,
unakanyaga sakafu
pasipo na kitu.

Nagonga usukani mara tatu: achia.

Haachii.