Saini ya Pili

Nilitia saini mara moja tu,
jikoni kwa mama, Kajaani, mwaka ule wa theluji nyingi.
Kalamu ilikuwa ya Veijo, kaka yangu.
"Karatasi tu hii," alisema. "Benki inataka jina la pili."
Nikampa jina. Sikuwa na kingine cha kumpa.

Kukopa harusi, kulipa matanga: hilo tunalijua.
Hatukuambiwa habari za yule
ambaye harusini hakualikwa,
akaja kuitwa matanga yalipoanza.

Kiwanda cha mbao kilidumu viangazi viwili.
Benki nayo ikafa; deni halikufa.
Likauzwa, likanunuliwa, likabadili majina
kama mwizi anayehama miji,
na kila lilikofika liliulizia anwani yangu.

Miaka ishirini na miwili.
Nikimenya viazi katika jiko la shule,
Alhamisi supu ya njegere, Alhamisi supu ya njegere,
na mshahara kabla haujanifikia
umekwisha kupita kwa afisa wa mahakama,
mtu mpole, aliyenitakia sikukuu njema kila Desemba.
Laiti angekuwa mkali.

Nikajua kuzitambua bahasha kwa sauti:
yenye dirisha hudondoka ubapa,
kadi ya posta huteleza.
Nikajua kujikata nywele,
kushona buti kwa uzi wa kuvulia samaki.
Tangu Oili afikishe miaka kumi na minane
simu yangu ilikuwa yake, umeme wangu wake.
Ungenitafuta katika madaftari ya dunia
ungemkuta binti yangu, amenibeba mgongoni.

Kisha, Machi, karatasi moja.
Haikusema pole wala hongera.
Ilisema: deni lililobaki, sifuri.
Niliisoma nimesimama, theluji ya buti ikiyeyukia zuliani.
Nikaigeuza, nitafute maandishi madogo.
Nyuma palikuwa peupe.

Nikaenda kazini. Ilikuwa Alhamisi.

Mtu hafunguki siku anayofunguliwa.
Mshahara wa kwanza mzima ulikaa siku kumi na moja
bila kuguswa, kama mgeni
asiyejua avue viatu au asivue.
Siku ya kumi na mbili nikanunua godoro.
Usiku ule nililala sakafuni, kando yake.

Kiangazi akaja Veijo, kazeeka ghafla,
na samaki wa moshi ndani ya gazeti.
Akakalia ukingo wa kiti.
"Nina deni lako," alisema.
Unalo, nikamwambia. Sitakudanganya kuwa huna.
Ila mimi si mahakama, na sina bahasha.
Kula.
Alikula. Akaosha vyombo, vibaya,
mafuta yamebaki kwenye kingo za sahani.
Nikaviacha hivyo hivyo kabatini.

Jana nilikwenda dukani kutaka laini ya simu.
Kijana wa kaunta, hereni sikioni,
akanisogezea karatasi: "Hapa, mama. Jina tu."

Jina tu.
Mkono ukaganda. Nikaomba kiti.
Nikasoma kila mstari, hata ule wa chini kabisa,
foleni ikikohoa nyuma yangu,
ndipo nikaandika Hilkka Maarit Juntunen,
herufi moja, kisha nyingine,
kama anayekanyaga barafu ya kwanza ya Novemba
huku ametega sikio.

Ikanibeba.

Nje nikampigia Oili. Namba hakuitambua.
"Nani mwenzangu?" akauliza, kwa sauti ile
tunayowawekea wageni na wanaodai.
Nikacheka hadi miwani ikaota ukungu.
"Mimi," nikasema. "Ni mimi mwenyewe."