Faini ya Debe Moja

Kimbunga kimelibeba tuta tena:
mianzi, mchanga, majani ya migomba,
vyote vimeshuka baharini usiku mmoja.

Alfajiri Teofista anafungua daftari.
Vijiji tisa. Kila kijiji fito mia mbili,
watu kumi na wanne, nyati wa kukokota.
San Marcelo wamechelewa: debe la mchele.
Ni kwa shemeji yake.
Hafuti.

Mhandisi wa mkoa aliwahi kuja na ramani:
"Tuwajengee la saruji, mpumzike."
Gaudencio, matope kiunoni, akacheka:
"Na sisi wa chini tutaonana wapi na wa juu?"

Adhuhuri maji yanashika mfereji,
yanapita kwa waliokuja,
yanapita kwa Benita, aliyelazwa Laoag,
ambaye fito zake
zimeletwa na San Marcelo.