Dole Gumba

Julai, Mbalizi. Baridi imekaa barazani kama mdai.
Kifuniko cha tapeti kiko juu ya magoti yangu,
chini yake kanga kuukuu, pembeni beseni la maji ya sabuni,
na fundi Ambwene amesimama na koti lake la mvua, hataki kuketi:
"Mama Lusajo, mwenye gari anakitaka Ijumaa.
Anataka ajione."

Ajione nini, sikuuliza.

Kimekuja kijivu, kina mabaka meupe kama ukoko,
oili imeganda kwenye kona zake tangu gari lilipokuwa jipya.
Nimekiosha kwa mafuta ya taa na mswaki mchakavu wa Lusajo,
nimeziba matundu ya bolti kwa vitambaa,
maana punje moja ya mchanga ikipenya huko
injini itajitafuna yenyewe.

Msasa namba mia na themanini, mkavu. Huo hauna adabu.
Halafu mia tatu na ishirini, na hapo nageuza mkono:
kama wa kwanza ulikwenda Tukuyu na kurudi Chunya,
huu wa pili uende Tunduma na kurudi Uyole,
ukatize mikwaruzo ya mwenzake mpaka isionekane.
Kila namba inafuta kosa la namba iliyoitangulia
na kuacha lake, dogo zaidi.
Mia sita kwa maji. Elfu moja kwa maji.
Wavivu huishia hapa,
kwa kuwa kitu kimefifia, kibaya kuliko kilivyokuja,
jicho la samaki wa juzi.

Mimi sikujifunzia gereji.
Nilijifunzia mtoni Kiwira, nina miaka saba,
kwa majivu na mchanga na ganda la mgomba,
sufuria ya mama imenizidi kifua.
Mgeni asione masizi, alisema, aone njaa yake.
Miaka ikapita, nikamkuta mfua sufuria wa Mwanjelwa
anayeyusha pistoni kwenye tanuri la oili chafu,
anamimina mchangani, na kufika jioni
pistoni zimekuwa sufuria zenye mifuniko.
Nilicheka peke yangu kati ya watu:
kumbe nilikuwa nasugua injini tangu utoto.

Herufi zilizochomoza juu yake ndizo zinazonila usiku.
Nazungushia msasa njiti ya kiberiti,
naingia tumboni mwa O, natoka,
naingia kwapani mwa Y.

Kisha Braso, na kipande cha fulana.
Kinatoka cheusi. Nageuza upande, kinatoka cheusi tena.
Mgeni wa kazi hii huacha hapo, akidhani anachafua.
Weusi ule ni alumini inakubali.
Vidole vyangu navyo vimekubali, mpaka kwenye mizizi ya kucha.
Jumapili mke wa mchungaji alinipa mkono,
akautazama wake, akaufuta polepole kwenye sketi
huku midomo ikiendelea na ubeti wa tatu.
Sikuona haya.
Niliona kidogo.

Alhamisi saa kumi jua likaponyoka wingu,
na kifuniko kikanirudishia mtu:
pua hii, kilemba hiki,
nyuma yangu kamba ya nguo na soksi za Lusajo
zimepindana kama pembe za mbuzi.
Nilikilaza kifudifudi.

"Ndaga fijo, mama," Ambwene amesema,
amehesabu elfu kumi na tano, noti zinanuka petroli,
amekifunga kwenye blanketi kama mtoto wa kupelekwa kliniki.
Boneti itafungwa. Labda itafunguliwa harusini,
wanaume watainama, watapiga mluzi.

Hajui, wala mwenye gari hajui:
upande wa ndani, ule unaorushiwa oili,
kuna mahali sikupagusa, kijivu, ukubwa wa dole gumba.
Hapo ndipo nilipokishikilia siku tatu.

Yeye ajione juu.
Mimi niko chini kule, napashwa moto.